Majibu ya mama zetu yarudi barazani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe jambo lililonikaa kifuani tangu Ramadhani iliyopita.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea maendeleo katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Kwetu ni Jambiani, Kusini Unguja. Mama yangu analima mwani. Bibi yangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioanza kuulima mwaka 1989, zao hilo lilipoingia Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, na Mama alimfuata pwani angali msichana. Sare zangu za skuli, madaftari, na nauli ya boti iliyonileta chuo mara ya kwanza, vyote vilitoka kwenye kamba zile anazofungia mwani.

Ramadhani hiyo nilikuwa maktaba natafuta maandishi ya kujengea sura ya pili ya tasnifu yangu. Nikakuta kwenye kompyuta tasnifu ya shahada ya uzamili, ya miaka sita nyuma, imeandikwa kwa Kiingereza, inahusu wanawake wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja. Shehia yetu imo. Niliifungua kwa furaha, maana si kila siku mtu anakuta kwao kumeandikwa. Mwishoni kuna jedwali la waliohojiwa, bila majina kama inavyotakiwa. Nikashuka nalo mstari kwa mstari mpaka nikafika kwa Mhojiwa wa 17. Mwanamke, miaka 46, mjane, watoto watano, kamba 250. Elimu: hakuna.

Ni Mama. Hesabu ile ya watoto na ya kamba ni yake, na mwaka ule ndio umri aliokuwa nao. Nilibaki natazama lile neno la mwisho mpaka mlinzi akaja kutuambia maktaba inafungwa.

Wasomaji wa pwani watanielewa nikisema kwamba Mama alisoma chuo kabla yangu. Kwetu sisi chuo ni kwanza pale mtoto anapopelekwa kwa mwalimu akiwa na miaka mitano na juzuu yake mkononi. Mama alihitimu msahafu akiwa na miaka kumi na mbili, kisha akawa anasomesha wadogo chuoni kwa mwalimu wake mpaka alipoolewa. Anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Analo daftari la mwani analoliandika tangu mimi sijaanza skuli, na lote liko katika herufi hizo: siku aliyofunga, kamba ngapi, siku aliyovuna, kilo zilizotoka baada ya kukauka, nani kanunua, kwa bei gani, deni gani limebaki. Anayetaka kujua mwani wa Jambiani umeuzwa vipi mwaka hadi mwaka, jibu limo humo. Kijana aliyekuja kumhoji alikaa naye barazani saa mbili nzima, na daftari liko juu ya kabati, hatua tatu nyuma ya mgongo wake. Dodoso lilikuwa na visanduku vinne: msingi, sekondari, chuo kikuu, hakuna. Akatia alama kwenye hakuna.

Nilichapisha kurasa arubaini za kazi ile, nikaenda nazo nyumbani sikukuu ya Idi. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, Mama aliwaita wenziwe watatu waliohojiwa wakati ule, na shangazi yangu naye akaja. Tukakaa barazani, wao wakisuka ukili, mimi nasoma Kiingereza kwa macho na kuwasemea kwa Kiswahili. Tulianza polepole, lakini tulipofika sura ya nne hakuna aliyekuwa anasuka tena.

Sura hiyo inasema mkulima wa mwani wa kwetu anafanya kazi kwa wastani wa siku mbili au tatu kwa wiki, na kwa hiyo ana muda mwingi ambao haujatumika. Shangazi aliniomba nisome tena. Kisha akaniuliza mtu yule alikuja lini. Wakaanza kuhesabu kwa mambo wanayoyakumbuka, harusi ya fulani, msiba wa fulani, mpaka wakapatana kwamba alikuja mwezi una siku saba au nane, akakaa siku tano, akaondoka. Yaani alikuja maji mafu.

Naomba nilieleze hili kwa wasomaji wa bara, kwa sababu ndipo palipo na kosa lenyewe. Mwani haulimwi kwa wiki. Unalimwa kwa bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa sana, na mashamba yanabaki katika maji ya magotini au chini ya hapo. Siku hizo, sita au saba mfululizo, Mama anatoka saa mbili asubuhi, amevaa soksi mbili na raba kuukuu kwa ajili ya mawe, na kamba ziko begani. Anainama. Anachukua kipande cha mbegu cha ukubwa wa kiganja, anakipitishia taitai, yaani kijikamba chembamba cha kufungia, anafunga fundo moja kwa vidole viwili bila kutazama, anapima shubiri, anafunga kingine. Kamba iliyojaa anaivuta baina ya mambo mbili, yaani vigingi viwili, na kuikaza, anahamia nyingine. Anafanya hivyo mpaka maji yanaanza kujaa na kumfika kiunoni. Bamvua ikipita, maji mafu yanaingia, shamba linabaki chini ya maji, wala hawezi kulifikia. Siku hizo yuko nyumbani anaanika, anageuza, anachambua taka, anafunga magunia, anakata kuni. Mtu akija siku hizo akamuuliza, wiki hii umeingia baharini siku ngapi, atamjibu kweli tupu: sikuingia, au niliingia mbili. Akija siku kumi baadaye atajibiwa saba. Kujumlisha majibu hayo na kuyagawa hakutoi wastani wa kazi ya mwanamke yeyote aliye hai. Na hapo ndipo lilipotoka pendekezo la tasnifu ile, kwamba wanawake hawa wapewe shughuli ya ziada ya kujaza muda wao.

Jambo la pili liliniumiza zaidi, kwa kuwa ni la lugha yetu wenyewe. Kuna sehemu nzima, kurasa tano, juu ya uchafuzi wa bahari katika shehia yetu. Inataja taka na maji machafu, na inamnukuu Mhojiwa wa 17. Nilipowasomea, Mama alishangaa, akasema hakuongea habari za taka. Nikamwambia imeandikwa ulisema bahari imejaa uchafu. Akanyamaza akifikiri. Kisha akasema, "Nilimwambia kusi hii bahari imechafuka, kamba zangu zimekatika."

Kila mtoto wa pwani anajua bahari iliyochafuka ni bahari gani. Ni yenye mawimbi na upepo, isiyoingilika. Mtu aliyeihamisha sentensi ile kwenda Kiingereza alichukua neno kwa neno, na kurasa tano zikajengwa juu yake. Mama alikuwa anaeleza hasara ya kamba themanini kwa msimu mmoja. Hasara hiyo haimo popote katika tasnifu.

Hata hivyo sitaki kuonekana namtukana mwandishi yule. Alitembea juani, alikuwa na adabu, Mama anamkumbuka kwa wema. Na ndani ya kazi yake limo jambo ambalo lingewafaa sana watu wetu. Ameeleza kwamba shehia moja, ambayo toka kwetu ni mwendo wa daladala, wanawake walichanga wakanunua mizani yao, wakawa wanapima mwani wenyewe kabla mnunuzi hajaupima kwa mizani yake, na wanauza siku moja wote pamoja. Ameonyesha kuwa malalamiko ya kilo yalipungua. Kwetu hilo halikujulikana. Wanawake wameendelea kubishana na wanunuzi juu ya kilo mbili, kilo tatu, kila wanapouza, na mfano wa wenzao umekaa miaka sita kwenye kompyuta ya maktaba ng'ambo ya bahari, katika lugha wasiyoisoma. Shangazi aliposikia habari ya mizani aliniuliza, "Na huyu kijana alipata shahada yake?" Nikamwambia alipata. "Alhamdulillahi. Sasa mbona hakurudi kutwambia?"

Mhariri, swali hilo la shangazi ndilo ninaloliandikia barua hii.

Masomo haya ya maendeleo yalizaliwa hapa kwetu kutokana na ugomvi juu ya swali la namna hiyo hiyo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na Machi 1967 ukafanyika mkutano wa kujadili chuo kikuu kina kazi gani katika nchi ya wakulima. Katika mijadala ya miaka ile ndimo lilimotoka somo la maendeleo ambalo kila mwanafunzi alitakiwa alisome, awe wa sheria, wa udaktari au wa uhandisi, na mwaka 1973 ikaanzishwa taasisi maalumu ya masomo hayo pale Mlimani. Lengo lilikuwa msomi ajue anakula jasho la nani. Mwaka 1968 Mwalimu alisema kwamba watu hawaendelezwi, wanajiendeleza wenyewe. Kiswahili kinamuunga mkono, kwani kuendelea kumetokana na kwenda, na anayekwenda ni mwenye miguu yake.

Leo nafundishwa habari za mama yangu kwa lugha ambayo Mama hawezi kunisahihisha. Nimejifunza mengi darasani na sikatai thamani yake. Nimejua kwa nini bei ya zao haipangwi na anayelilima. Nimejua mwani wetu unapelekwa viwandani ng'ambo kutolewa karajinani, ile inayotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu, na hilo lenyewe nilipomweleza Mama alikaa akacheka kwa mshangao, miaka thelathini analima hakuambiwa. Nimejifunza Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu na mwaka wake wa 2030. Lakini dodoso tulilopewa kama mfano wa kufanyia mazoezi lina swali linalosema: Je, ushiriki wako katika mnyororo wa thamani umekuwezesha kiuchumi? Nililijaribu kwa Mama. Mnyororo anaoujua yeye ni wa nanga. Nikalibadilisha, nikamuuliza, "Pesa ya mwani unafanyia nini, na nani anakuamulia?" Akazungumza robo saa bila kusita.

Na wapo walioonyesha kwamba inawezekana. Mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, alisimamia utafiti ambao wanakijiji wenyewe walihesabiwa kuwa watafiti, na mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo ukafanywa kwa njia hiyo. Wageni wengi husoma habari za utafiti shirikishi bila kujua kwamba sehemu kubwa ya mizizi yake iko katika vijiji vyetu. Hapa Zanzibar tunaye Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ilipoanza kufa, inageuka nyeupe na kukatika kwa sababu ya maji kuwa moto, yeye alikaa na wakulima, na kuanzia mwaka 2006 wakulima, watafiti na wafanyabiashara wakawa na chombo chao cha kukutana. Ikatoka sabuni ya mwani, ukatoka unga wa mwani, ikajaribiwa njia ya kulima maji marefu kwa nyavu za bomba. Majina ya vitu hivi yamo midomoni mwa wanawake wa kwetu. Tasnifu ya Mhojiwa wa 17 haimo mdomoni mwa mtu.

Kilimo hiki kina watu zaidi ya 20,000 Unguja na Pemba, wengi wao wanawake, na tangu serikali itangaze Uchumi wa Buluu, yaani uchumi wa bahari, wanafunzi wanaomiminika pwani wamezidi. Mama amehojiwa mara saba. Wa kwanza alikuwa Mzungu na mkalimani wake kutoka mjini, wa mwisho ni Watanzania wenzetu wawili, mwaka jana. Kila mmoja alimpa karatasi ya ridhaa atie sahihi, yenye maneno kwamba ana hiari ya kukataa na kwamba jina lake litafichwa. Karatasi zote saba nimeziona, anazihifadhi. Hakuna hata moja inayosema atajulishwa kilichopatikana.

Na mimi mwenyewe nimo. Mwaka wa pili tulipelekwa wanafunzi sita katika kijiji kimoja cha Kisarawe kufanya mazoezi ya uwandani. Mzee mmoja aliniuliza, mjukuu wangu, haya yote unayoandika tutayaona? Nikamwambia ndiyo, babu. Niliahidi kwa kuwa ni rahisi kuahidi ukiwa na kalamu mkononi. Ripoti ilipata alama nzuri, na kijijini haikufika. Nimekwisha kuifupisha kwa Kiswahili, kurasa tatu, na nitaipeleka mwenyewe kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula.

Ninachoomba kwa vyuo vyetu vikuu, vya Bara na vya Visiwani, ni kidogo na hakina gharama kubwa. Mwanafunzi yeyote aliyehoji watu asipewe shahada mpaka ameandika muhtasari wa Kiswahili cha kawaida, akaenda kuusoma mbele ya watu aliowahoji, wakapata nafasi ya kumsahihisha, na masahihisho yao yakaingia katika kazi yake kabla ya kufungwa jalada. Nakala moja ibaki kwa sheha, au ofisi ya mtendaji kwa upande wa Bara. Sheha anagonga muhuri mtafiti anapoingia, basi agonge na anaporudi, na msimamizi chuoni audai muhuri huo wa pili kama anavyodai orodha ya vitabu.

Mwalimu wangu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia wanafunzi hawana nauli ya kwenda mara mbili. Nimelifikiria hilo, maana mimi mwenyewe nasoma kwa mkopo. Lakini tunapoandika bajeti ya utafiti tunaweka uchapishaji na ujalidi wa nakala nne kwa jalada gumu. Nakala hizo zipunguzwe zibaki mbili, nauli itapatikana. Na kwa aliyekwisha kurudi Ulaya au Marekani, siku hizi hata Mama ana simu inayopokea sauti. Dakika kumi za Kiswahili, hata kiwe cha kukwama, kikundi kizima kitakaa kisikilize.

Wengine wanasema wanavijiji hawatavutiwa na mambo ya kitaalamu. Waliosema hivyo hawakukaa kwenye baraza letu siku ya pili ya Idi. Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa bado sura ya nne, na jirani yetu aliyekuwa ameaga mara mbili alikuwa bado amesimama mlangoni.

Kwa hiyo natoa ombi kwa yeyote aliyewahi kuchukua maelezo Jambiani na anasoma gazeti hili: tuma kazi yako kwa sheha, hata kwa Kiingereza. Mimi nitaifasiri bila malipo, na wapo wenzangu wawili wa hapa chuoni waliokubali kunisaidia.

Tasnifu yangu mwenyewe inahusu kazi ya mwani na hesabu ya muda, na nimehoji wanawake 31, kwa bamvua mbili na maji mafu mawili. Daftari la Mama limo, kwa idhini yake, na jedwali langu lina kisanduku cha chuo cha Kurani. Nimeshamwomba sheha nafasi ya kusoma rasimu kabla sijaikabidhi chuoni. Tulipokuwa tunapanga siku nilitaja Jumamosi moja, Mama akatazama kalenda ya mwezi, akaniambia siku hiyo watu wote watakuwa baharini. Tumeisogeza mbele siku tano. Shangazi ameniagiza niichapishe kwa maandishi makubwa, kwa kuwa wapo wanaotaka kufuata kwa macho, na nakala ya Mama niiandike kwa mkono, kwa herufi zake.

Mwanafunzi wa masomo ya maendeleo,
Dar es Salaam na Jambiani